Scott Akiwa na Umri Wako Alikuwa Kongo

Desemba iliyopita nilienda ushago, Makueni. Wenye mnanifuata hapa mnajua mambo yangu: niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na siku hizi nakula kwa simu hii hii ninayoandikia. Jumapili baada ya ibada, pasta mmoja mzee alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza nafanya nini Nairobi. Nikamwambia natengeneza video na kuandika mtandaoni. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema: "Kijana wangu, Peter Scott akiwa na umri wako alikuwa Kongo akihubiri Injili."

Nina miaka 23. Sikuwa na jibu. Nilisema "amina pasta" kama mtoto aliyelelewa vizuri, nikaenda zangu.

Lakini ile kitu haikunitoka. Ukiwa umeacha chuo unazoea kulinganishwa na watu: binamu aliye benki, mtoto wa jirani aliye Qatar. Ila kulinganishwa na mtu aliyekufa 1896, hiyo ilikuwa mpya. Na nikajiuliza, mimi namjua huyu Scott kweli? Kwangu lilikuwa jina la chuo pale Machakos tu. Basi nikakaa chini nikasoma. Nataka niwaambie nilichopata, kwa sababu pasta alisema ukweli kuhusu umri, lakini aliacha nje nusu ya stori. Na nusu aliyoiacha ndiyo kijana anayetumwa leo anahitaji kuisikia.

Tuanze na Scott mwenyewe.

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1867. Familia ikahamia Marekani akiwa bado mtoto, wakakaa Philadelphia. Jamaa alikuwa na sauti. Alisomea kuimba na alitaka kwenda kwa opera, jukwaani kabisa. Wazazi wake walikuwa watu wa dini na hawakutaka kusikia habari hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa anapanda ngazi za ukumbi wa opera kujibu tangazo la kazi, akasimama katikati ya ngazi, akajiuliza anaenda kuimba kwa ajili ya nani, akageuka akashuka. Hapo nilimwelewa sana. Kijana mwenye kipaji, wazazi wamekataa, hajui maisha yanaenda wapi.

Mwisho wa mwaka 1890 aliwekewa mikono na akapanda meli kwenda Kongo. Hesabu: miaka 23. Pasta alikuwa sahihi kabisa.

Sasa, Kongo ya wakati huo haikuwa nchi kama tunavyoijua. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na habari za mateso ya mpira zilikuwa bado hazijavuma duniani. Kijana anatoka Philadelphia anaingia huko na Biblia. Miezi michache baadaye ndugu yake John akamfuata, wafanye kazi pamoja. John hakudumu. Aliugua akafa. Na Peter, bila fundi wala kamati ya mazishi, alitengeneza jeneza la ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe, akachimba kaburi, akamzika.

Hiyo sehemu sikuambiwa pale nje ya kanisa. Sisi hapa mtu akifiwa kunafunguliwa grupu la WhatsApp, kuna harambee, kuna mjomba wa kusimamia gari la mwili. Huyu alikuwa na nyundo na misumari. Mambo hayo ukiyaacha nje, unabaki na shujaa wa bango. Ukiyarudisha, unabaki na kijana anayelia.

Muda si mrefu naye akaugua vibaya, akarudishwa Uingereza. Akiwa anapata nafuu alienda kanisa la Westminster Abbey, London, kwenye kaburi la Livingstone. Pale kuna maneno ya Yohana sura ya 10 yamechongwa, yale ya kondoo wengine wasio wa zizi hili. Inasemekana alipiga magoti pale na ndipo ndoto yake ikaanza: mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani yetu ya Mombasa hadi Ziwa Chad. Chukua ramani uangalie. Ni zaidi ya kilomita 3,000 ukipita moja kwa moja, na hakuna barabara ya moja kwa moja hata leo.

Mwaka 1895 akaanzisha Africa Inland Mission. Tarehe 17 Agosti waliondoka New York, yeye na wenzake 7, akiwemo dada yake Margaret. Oktoba wakafika Mombasa. Reli haikuwepo, ujenzi wake ulianza mwaka uliofuata. Kwa hiyo ni msafara na wapagazi, kupitia nyika ya Taru na Tsavo, zaidi ya kilomita 300, hadi Nzaui. Kituo cha kwanza kilianza tarehe 12 Desemba 1895. Mlima huo wa Nzaui mimi nimeuona tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kujua kuna Wamarekani waliotembea kutoka baharini kuufikia.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu najua kuna wenye tayari wanaandika, "wazungu walileta Biblia wakachukua ardhi." Tuwe wakweli pande zote. Uingereza ilitangaza himaya yake hapa tarehe 1 Julai 1895. Scott na wenzake walifika Oktoba. Miezi mitatu! Ngome ya Waingereza ilikuwa tayari iko Machakos. Wewe ni mzee wa Kikamba umekaa kwako Nzaui, unaona mzungu wa bunduki, halafu unaona mzungu wa kitabu, utawatofautishaje? Sina ushahidi kwamba Scott alikuja kuchukua shamba la mtu. Lakini alikuja kwa njia iliyofunguliwa na bendera, na anayepita mlango uliovunjwa na mwingine hawezi kushangaa akiitwa mwizi. Hilo nalo ni sehemu ya stori.

Turudi kwa wale vijana. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa na vituo 4: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Wazazi wa Scott na dada yake mwingine, Ina, nao wakaja. Wale wazazi waliokataa opera, sasa wako Ukambani na mtoto wao. Scott alizunguka kati ya vituo hivyo kwa miguu, bila kupumzika.

Tarehe 4 Desemba 1896 akafa. Siku chache tu kabla ya kumaliza mwaka. Alikuwa na miaka 29.

Kilichomuua ni ile homa ya mkojo mweusi, aina mbaya ya malaria ambapo damu inaharibika ndani ya mwili hadi mkojo unatoka rangi ya kahawa. Na hapa kuna kitu kilichoniuma. Ronald Ross aligundua kule India kwamba mbu ndiye anayebeba malaria mwezi Agosti 1897. Miezi minane baada ya Scott kuzikwa! Hawa watu walikuwa wanakufa na hawajui ni nini kinawaua. Hawakujua kwamba neti ingewasaidia kuliko ujasiri wao wote.

Baada yake mambo yaliporomoka. Wengine walikufa, wengine wakarudi kwao wagonjwa, wengine wakaacha shirika. Juu ya hayo ikaja ile njaa kubwa ya mwisho wa miaka ya 1890, ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye kwa sababu ilifika kila mahali. Ilifika wakati shirika lote likabaki na mmishonari mmoja tu huku. Mmoja. Lilikuja kusimama tena baadaye chini ya Charles Hurlburt, makao yakahamia Kijabe mwaka 1903, na kutoka hapo ndipo ikaja AIC yenye wengi wenu mmebatizwa.

Kwa hiyo ukiangalia kwa hesabu ya dunia, Scott alifeli. Ndoto ya Ziwa Chad ilikufa naye akiwa hajatoka hata Ukambani.

Sasa nataka niwaonyeshe mtu mwingine katika kundi lile lile la kwanza: Willis Hotchkiss, kijana wa Ohio, mwenye umri kama wetu tu. Huyu baadaye, mwaka 1902, alirudi na wenzake wawili wakaanzisha misheni ya Wakweka pale Kaimosi, ndiyo maana leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani. Lakini kabla ya hapo alikuwa Ukambani na alikuwa na shida moja iliyomnyima usingizi. Alikuja kuhubiri Mwokozi, na hakujua neno la Kikamba la kuokoa.

Fikiria hiyo. Umesafiri nusu ya dunia na ujumbe mmoja, na neno la ujumbe huo huna. Hotchkiss aliandika kwamba alilitafuta kwa miaka miwili na nusu hivi. Si kwamba hakuna aliyejaribu Kikamba kabla yake. Krapf alishachapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850. Lakini Hotchkiss alikuwa anajifunza kwa kusikiliza watu, neno moja moja.

Halafu jioni moja wako kwenye moto. Kiongozi wa wafanyakazi wake, Mkamba aliyeitwa Kikuvi, anasimulia jinsi mzungu mmoja alivyoshambuliwa na simba na jinsi yeye Kikuvi alivyomtoa. Anasimulia tu, hana habari kwamba kuna mtu anahesabu maneno. Katikati ya stori, neno linapita: bwana yule aliokolewa. Hotchkiss akaruka. Ndilo lile!

Nimeisoma hiyo stori mara kadhaa na kila mara inanishangaza kwa sababu moja. Imeandikwa kama ushindi wa mmishonari. Lakini angalia nani anafanya nini. Nani alimwokoa mtu kwenye meno ya simba? Kikuvi. Nani alikuwa na neno? Kikuvi. Yule aliyekuja kuokoa watu alifundishwa maana ya kuokoa na mtu aliyekuwa ameshaokoa mtu. Hotchkiss, kwa heshima yake, hakulificha jina la Kikuvi. Ni sisi tuliolisahau. Hotchkiss aliugua homa mara 30 hivi, na unadhani ni nani alikuwa anamletea maji?

Kuna chuo chenye jina la Scott, na sioni ubaya. Ila hakuna kijana yeyote aliyewahi kuambiwa nje ya kanisa: "Kikuvi akiwa na umri wako..."

Na sasa nije kwa mtu ambaye ningependa pasta angemtaja. Desemba ile ile ya 1896, mwezi ule ule Scott aliozikwa, kuna mtu mwingine alikuwa anavuka kuingia Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, sehemu ambayo leo iko Kongo. Alikuwa Mganda. Jina lake Apolo Kivebulaya. Hakuwa na shirika la Philadelphia. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, aliwahi kuwa askari, na alikuwa mwalimu wa kanisa la Anglikana aliyetumwa kwanza Toro.

Mboga haikuwa kwao, na lugha haikuwa yake. Mtawala wa pale, Tabaro, hakumtaka. Siku moja dada yake Tabaro alikuwa amebeba nyasi za ujenzi, ndani ya nyasi kulikuwa na mkuki, akaanguka juu yake akafa. Lawama zote zikamwangukia Apolo. Alipigwa, akapelekwa kifungoni upande wa Toro kwa kesi ya mauaji. Alipoachiliwa, kila mtu mwenye akili angesema Mungu amemwonyesha mlango wa kutokea. Yeye akarudi Mboga. Kwa watu wale wale.

Na Tabaro huyo huyo alikuja kubatizwa.

Apolo hakuoa, hakujenga jina. Alifika hadi kwa Wambuti ndani ya msitu wa Ituri, akajifunza lugha yao na kushughulikia kuwaandikia Injili ya Marko. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Miaka 36 na zaidi tangu aingie. Kabla ya kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa maana kazi ilikuwa bado inaendelea upande huo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tofauti kati ya kutalii na kutumwa iko hapo kwenye siku ya tatu.

Sitaki kumchora Apolo kama malaika ili Scott aonekane mjinga. Haitakuwa haki. Apolo alikuwa na mwili uliozoea homa za huku, aliweza kula chakula cha huku, na lugha za jirani hazikuwa mbali sana na Luganda. Scott hakuwa na hata kimoja. Na Waganda nao walipokwenda kwa majirani na dini yao mpya hawakwenda mikono mitupu. Nguvu ya Buganda ilikuwa nyuma yao, na wengine walidharau watu waliowakuta. Kila anayetumwa anabeba kitu kilichomtuma, apende asipende. Swali ni kama ataweza kukiweka chini.

Sasa kwa nini nawaambia haya yote? Kwa sababu sisi Wakenya sasa ndio tunaotuma. Fungua simu yako mwezi wowote wa likizo utaona bango: misheni, nchi fulani, wiki mbili, lipia kiti chako. Na zaidi ya wiki mbili pia zipo.

Kuna msichana tuliyesoma naye. Akiwa na miaka 21 alienda nchi jirani na kikundi cha vijana ambacho sitakitaja, miezi sita. Aliombewa, akapigwa picha na begi. Mwezi wa pili pesa zikaacha kuja. Mwezi wa tatu akaugua malaria, akapiga simu kwa viongozi, wakamwambia awe na imani. Aliyemlipia dawa ni mama mwenye nyumba alimokuwa anakaa, mama muuza mboga ambaye kwenye fomu zao alikuwa ameandikwa kama "wasiofikiwa". Mama huyo alimpikia, akamfundisha lugha, na mwishowe akamchangia nauli ya kurudi.

Alipofika nyumbani kanisani walitaka ushuhuda. Akaambiwa aseme ni watu wangapi waliokoka. Aliniambia alisimama pale mbele akashindwa kusema, kwa sababu mtu aliyeokolewa alikuwa ni yeye.

Maze, hiyo ni Kikuvi tena. Miaka zaidi ya 120 baadaye, na bado tunaandika stori ile ile na kusahau jina lile lile.

Siwaambii vijana wasiende. Ningekuwa mnafiki, kwa sababu hata susu yangu alijifunza kusoma kwa kitabu kilicholetwa na waliokwenda. Nasema tu, usikubali kutumwa kwa aibu. Kama kinachokusukuma ni pasta kukuambia fulani akiwa na umri wako alikuwa wapi, hiyo si sauti ya Mungu, hiyo ni presha. Uliza maswali ambayo wale vijana wa 1895 hawakuwa na mtu wa kuwajibu. Lugha nitajifunza kwa nani, na kwa muda gani? Nikiugua saa nane usiku, nampigia nani, na atalipa nani? Nikishaondoka, nani anabaki, na je, yeye ameulizwa anataka nini? Anayekutuma akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu. Scott hakukosa imani. Alikosa neti. Wewe leo neti ipo, na mtu akikutuma bila hiyo asikuambie ni kwa sababu ya Injili.

Na kwa sisi tuliobaki nyumbani na simu zetu, tuliowacha chuo, tusiojua maisha yanaenda wapi: Scott naye hakujua. Alikuwa kijana kwenye ngazi za ukumbi. Sioni aibu tena kulinganishwa naye, mradi nilinganishwe naye mzima, na jeneza la John likiwemo.

Krismasi hii nikienda ushago nitamtafuta yule pasta baada ya ibada. Nitamsalimia kwa mikono miwili, kwa sababu ni mzee wangu na stori yote hii ameianzisha yeye. Kisha nitamuuliza kama anamjua Kikuvi.